Bustani ya ndoo na makopo kwenye makazi ya wastaafu: mwongozo kamili wa kulima kwa gharama ndogo

Mtu anapohamia makazi ya wastaafu, shamba hubaki nyuma. Anapewa roshani, kibaraza mbele ya mlango, pengine dirisha moja linaloingiza jua la asubuhi, na juu ya hayo anapewa masharti. Hata hivyo inawezekana kabisa kula mboga uliyoichuma mwenyewe mara kadhaa kwa wiki, bila kununua vyungu vya bei wala mifuko ya udongo kila msimu. Mwongozo huu unaanzia kwenye kupima jua na kuishia kwenye kuhuisha udongo uliochoka.

Jambo moja litajirudia humu, kwa hiyo nalitaja mapema. Maelekezo mengi ya kulima kwenye vyombo huandikwa na watu wenye magoti mazima. Wanahesabu bei ya mbegu, udongo na chombo, basi. Kwetu sisi gharama kubwa iko kwenye kuinama, kuinua na kubeba maji. Ndoo uliyoipata bure lakini huwezi kuisogeza ni ghali kuliko chungu cha kununua. Kila uamuzi hapa chini upime kwa siku yako mbaya: siku ambayo kiuno kimekaza, usingizi haukuja na dawa zimekupa kizunguzungu. Kama siku hiyo bado unaweza kumwagilia kila kitu bila kumwita mtu, bustani yako ina ukubwa unaokufaa. Kama huwezi, punguza, hata kama juzi ulijisikia kijana.

Hatua ya 1: Jua masharti, kisha jua lenyewe

Kabla ya kuokota kopo lolote, soma mkataba wako na umuulize msimamizi. Je, vyombo vinaruhusiwa kwenye korido? Mara nyingi haviruhusiwi, na kuna sababu: korido na ngazi ndizo njia za kutokea moto ukizuka, na jirani anayetembelea kiti cha magurudumu anahitaji njia isiyopungua upana wa sentimita 90. Je, bomba la nje ni la wote? Kuna dawa za wadudu zilizopigwa marufuku? Roshani imejengwa kubeba uzito gani? Omba majibu kwa maandishi, maana wasimamizi hubadilika na kumbukumbu zao huondoka nao.

Kutundika vyungu upande wa nje wa reli mimi sikupendi hata pale kunaporuhusiwa. Kamba huoza taratibu bila mtu kuona, na chini wanapita watu. Tundika upande wa ndani.

Baadaye chagua siku moja isiyo na mawingu. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, angalia kila baada ya saa moja ni wapi jua linagonga moja kwa moja, uandike. Mimea inayozaa matunda, kama nyanya, pilipili na maharage, inataka saa sita hadi nane za jua. Mboga za majani na viungo vingi huridhika na saa tatu au nne. Ukikuta una saa mbili tu, usipoteze mbegu za nyanya. Panda mnanaa, na saladi utakayoichuma ikiwa changa. Kumbuka pia kwamba jua huhama kadiri miezi inavyokwenda, na sehemu zilizo mbali na ikweta tofauti hiyo ni kubwa mno, kwa hiyo rudia kipimo msimu ukibadilika.

Hatua ya 2: Hesabu uzito kabla ya kujaza

Lita moja ya maji ni kilo moja. Udongo wa shambani uliolowa ni mzito zaidi ya maji yenyewe: ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo wa namna hiyo hupita kilo 30. Hakuna mtu wa umri wetu anayepaswa kuinua mzigo huo, na roshani yenye ndoo kumi za aina hiyo imebeba zaidi ya kilo 300 kabla hujaweka kiti cha kukalia.

Yanayofuata kutokana na hesabu hiyo ni machache. Weka chombo kikubwa mahali pake kikiwa kitupu, ndipo ukijaze kidogo kidogo kwa kopo. Kiweke karibu na ukuta, si kwenye ukingo wa roshani. Kama kitahitaji kuhamishwa kufuata jua, kitangulize juu ya ubao wenye magurudumu yanayofungika, na usiwahi kuuegemea ubao huo unapoinuka. Vyombo vya kuinuliwa kwa mkono visizidi lita tano.

Hatua ya 3: Tafuta vyombo bila kufungua pochi

Makazi mengi yana jiko la pamoja, na jiko la pamoja hutupa hazina. Mpishi hupokea vyakula kwenye ndoo za plastiki zenye vifuniko, mikebe mikubwa ya bati, kreti na magunia. Mwombe akuwekee. Osha kwa maji ya moto na sabuni hadi mafuta yote yaishe, la sivyo utawaita sisimizi na panya.

Chini ya chombo cha plastiki huwa kuna pembetatu ndogo yenye namba. Zenye 1, 2, 4 na 5 ndizo zinazotumika sana kufungia vyakula, nami huchagua hizo kwa mboga. Zenye 3 na 6 waachie maua. Chombo kilichowahi kubeba rangi, mafuta ya gari, dawa ya wadudu au kemikali ya kusafishia kikatae hata kama kimeoshwa mara nyingi. Kataa pia makabati ya zamani yaliyopakwa rangi usiyoijua, kwa kuwa rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi.

Mkebe wa bati una hatari yake. Ukingo wake hukata, na ngozi ya uzeeni ni nyembamba. Anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi anaweza kuvuja kwa muda mrefu kwa mkato mdogo tu. Kunja ukingo kwa koleo, kisha uvishe kipande cha mpira wa maji uliopasuliwa kwa urefu. Bati pia hupata moto juani na kuunguza mizizi, kwa hiyo lifunike kwa gunia au lipange nyuma ya vyombo vingine.

Kina cha chombo kinategemea mmea. Saladi, spinachi na vitunguu vya majani vinatosheka na sentimita 15 hadi 20. Pilipili inataka chombo cha lita 8 hadi 10, karoti inataka kina cha sentimita 30, na nyanya ya kawaida lita 20. Kuna nyanya fupi zinazozaa vizuri kwenye lita 10, na hizo ndizo ningekushauri.

Sasa matundu. Ndoo kubwa ipate matundu sita hadi manane chini, kila moja likiwa na upana wa kama sentimita moja. Fundi wa makazi akiwa na mashine ya kutoboa, kazi ni ya dakika tano; usijisumbue na misumari ya kuchoma motoni, moshi wa plastiki haufai kuvutwa. Kwa bati, lijaze mchanga kwanza ndipo ulitoboe kwa msumari na nyundo, lisibonyee.

Wengi hutanguliza kokoto chini wakiamini zinasaidia maji kutoka. Hazisaidii. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto. Hukusanyika juu yake, na mizizi inabaki na nafasi ndogo zaidi huku ikilowa. Tandika kipande cha chandarua au kitambaa kikuukuu juu ya matundu ili udongo usitoroke, basi.

Hatua ya 4: Inua bustani ije kwako

Hapa ndipo senti chache zikitumika zinarudi. Meza iliyotupwa, kreti zilizopangwa kichwa chini, au ubao imara juu ya matofali huleta mimea kwenye kimo cha mikono. Anayefanya kazi akiwa amesimama atafurahia uso wa udongo ulio sentimita 85 hadi 90 kutoka sakafuni. Anayekaa kwenye kiti cha magurudumu anahitaji uwazi wa karibu sentimita 70 chini ya meza ili magoti yaingie, na juu yake aweke vyombo visivyozidi kina cha sentimita 20, vinginevyo mabega yatainuliwa muda wote. Upana usizidi sentimita 60 kama unafikia kutoka upande mmoja tu.

Kabla ya kupakia chochote, itikise meza. Ikicheza, ifunge ukutani.

Kwa zana, uma na kijiko kikubwa vilivyochakaa vinatosha. Wenye yabisi ya vidole wazungushie mipini kitambaa au mpira wa baiskeli hadi iwe minene, kwa sababu mpini mnene haudai kukunja ngumi sana. Kiti cha kukalia kiwe na mikono ya kushikia, uweze kujisukuma unapoinuka. Kigoda kifupi kinavutia, lakini kukiacha ni kazi kuliko kukikalia.

Hatua ya 5: Tengeneza udongo, na ujikinge nao

Udongo wa shambani peke yake hugandamana ndani ya chombo na kuwa kama tofali. Changanya sehemu moja ya udongo wa juu, sehemu moja ya mboji iliyoiva, na sehemu moja ya kitu cha kuulegeza: makumbi ya nazi yaliyosagwa, makapi ya mpunga, au majani makavu yaliyooza nusu. Mchanga mnene unafanya kazi hiyo pia, ila unarudisha ule uzito tuliokuwa tunaukimbia. Lowesha kidogo, kamata fumba moja, kandamiza. Likishikamana kisha likavunjika ukiligusa kwa kidole, umepatia. Likibaki donge, ongeza kilegezi.

Samadi iwe imekaa na kuoza. Samadi mbichi huunguza mizizi na hubeba vimelea. Kwa mboga inayogusa udongo na kuliwa mbichi, ipite miezi minne kati ya kuiweka na kuchuma. Kwa kweli kwenye makazi ya pamoja mboji ya majani ni tulivu zaidi, na majirani hawatalalamikia harufu.

Kuna bakteria aitwaye Legionella longbeachae anayeishi kwenye mboji na udongo wa kupandia, na akivutwa na pumzi anaweza kuleta nimonia kali. Watu wenye zaidi ya miaka 50, wavutaji sigara, na wenye mapafu au kinga dhaifu ndio walio hatarini zaidi, yaani karibu makazi yetu yote. Australia na New Zealand onyo lake huandikwa kwenye mifuko ya udongo. Kujikinga ni rahisi: fungua mfuko kwa mkasi ukiuelekeza mbali na uso, lowesha udongo ili vumbi lisipande, fanyia kazi mahali penye hewa, vaa glavu na barakoa, kisha nawa mikono kabla ya kugusa mdomo au kikombe. Ukipata homa, kikohozi na pumzi fupi ndani ya wiki mbili baada ya kazi ya udongo, mwambie daktari kwamba umeshika udongo, kwani hilo hubadilisha vipimo atakavyoagiza. Muulize pia kama chanjo yako ya pepopunda bado inakukinga.

Hatua ya 6: Chagua mimea michache, na upate mbegu bure

Anza na vyombo vinne au vitano. Mapenzi ya wengi huenda kwenye nyanya, lakini nyanya ndiyo inayodai maji mengi, nguzo na jicho la kila siku. Panda moja. Pesa hasa inaokolewa na viungo na majani yanayochumwa na kuchipua tena: rihani, mnanaa, giligilani, vitunguu vya majani, saladi na spinachi. Hivi vikinunuliwa huja kwa fungu kubwa kuliko hitaji la mtu anayepika chungu cha mtu mmoja, nusu huozea kwenye friji. Ukichuma majani sita unayohitaji leo, mengine yanabaki hai. Viazi na vitunguu vikubwa, kwa upande mwingine, vinakula nafasi na udongo mwingi kwa mavuno unayoweza kuyapata sokoni bila jasho.

Mbegu nyingi ziko jikoni tayari. Vitunguu vya majani ukikata na kuacha sentimita tatu za chini zenye mizizi, zipande na zitachipua ndani ya siku chache. Kikonyo cha rihani au mnanaa chenye urefu wa kidole, majani ya chini yakiondolewa, hutoa mizizi kwenye glasi ya maji ndani ya wiki moja au mbili. Mnanaa uwe na chombo chake peke yake. Ukichanganywa na wengine huwafukuza. Mbegu kavu za giligilani za kabati la viungo mara nyingi huota: zivunje kwa upole kila moja igawanyike mara mbili kabla ya kupanda.

Mbegu za nyanya zina utando unaochelewesha kuota. Zikamulie kwenye kikombe chenye maji kidogo, ziache siku mbili au tatu hadi zianze kuchacha, zioshe kwenye chujio, kisha zianike kwenye sahani. Ukizianika kwenye karatasi zitaganda. Nyanya ya mbegu chotara itazaa watoto wasiofanana nayo. Wengine ni wazuri, wengine utawashangaa. Mbegu ya limau nayo huota bila shida, lakini matunda yake huchukua miaka mingi, kwa hiyo iandikie jina la mjukuu tangu mwanzo.

Kama una pakiti za zamani, pima kwanza. Weka mbegu kumi kwenye karatasi ya jikoni iliyolowa, ikunje ndani ya mfuko wa plastiki, subiri wiki moja hadi mbili. Zikiota saba, panda kama kawaida. Zikiota tatu, panda maradufu. Mbegu za vitunguu huchoka baada ya mwaka mmoja hivi, za nyanya hudumu minne au zaidi zikikaa pakavu na pa baridi.

Mahali ambapo baadhi ya wakazi wana ugonjwa wa kusahau, usipande oleanda, difenbakia wala mbarika hata kama ni pambo zuri. Mtu aliyechanganyikiwa anaweza kutia jani au mbegu mdomoni, na mbarika na oleanda zinaua.

Hatua ya 7: Kupanda

Jaza chombo hadi sentimita tatu chini ya ukingo, ili maji yasimwagike pembeni. Mbegu ifukiwe kina cha mara mbili au tatu ya unene wake. Saladi inaachwa karibu juu kabisa kwa kuwa hupenda mwanga ili iote. Miche ya nyanya ifukie hadi karibu na majani ya kwanza, shina litatoa mizizi. Kwa macho yaliyochoka, mwaga mbegu ndogo kwenye karatasi nyeupe iliyokunjwa katikati, kisha zisukume moja moja kwa kijiti. Chombo cha saladi kipandwe theluthi moja, baada ya wiki mbili theluthi nyingine, na kadhalika. Ukipanda chote siku moja utakuwa na saladi nyingi kwa wiki moja na ukame baadaye.

Hatua ya 8: Maji

Kama bustani itakufa, huenda itakufa hapa. Ingiza kidole sentimita tatu hadi tano. Pakiwa pakavu mwagilia hadi yaanze kutoka chini, pakiwa na unyevu acha. Asubuhi ndiyo saa nzuri. Siku za joto nyanya kubwa kwenye ndoo inaweza kutaka maji mara mbili, na sasa unaelewa kwa nini nilisema panda moja.

Usibebe keni ya lita kumi. Chupa mbili za lita moja, moja kila mkono, zinaweka mwili sawa na hazivuti bega. Safari zikizidi, panda vyombo vichache. Ukiwa na mpira wa maji, ukunje kila unapomaliza, kwa sababu mpira ulioachwa sakafuni ni mtego kwa kila mwenye mkongojo.

Njia tatu hupunguza kazi. Ya kwanza ni matandazo: majani makavu au nyasi zilizokatwa, unene wa sentimita tatu hadi tano juu ya udongo, na uvukizi unapungua. Ya pili ni chupa ya plastiki iliyotobolewa matundu madogo ya sindano na kufukiwa hadi shingoni kando ya mmea. Unaijaza na maji yanapenya polepole hadi mizizini. Ya tatu ni utambi. Chukua kamba nene ya pamba, ncha moja iingie kwenye udongo kupitia tundu la chini, nyingine izame kwenye chombo cha maji kilichofunikwa. Udongo unajinyonyea wenyewe kadiri unavyokauka. Inafaa vyombo vidogo, hasa unapokwenda kulala hospitali siku mbili.

Maji ya bure yapo mengi ndani ya nyumba: yale ya baridi yanayotangulia kabla ya maji ya moto kufika bombani, yaliyooshea mboga, na yaliyochemshia mboga bila chumvi yakishapoa. Maji ya vyombo yenye sabuni kidogo yanaweza kwenda kwenye maua. Usiyatie kwenye majani ya kuliwa.

Udongo ukikauka kabisa hukataa maji, yanapita pembeni na kutoka chini huku katikati pakibaki vumbi. Chombo kidogo kisimamishe kwenye beseni la maji nusu saa. Na nyanya yenye doa jeusi lililobonyea kitakoni, wengi huikimbizia maganda ya mayai. Tatizo mara nyingi ni maji yanayokuja na kukatika: mmea unashindwa kusafirisha kalsiamu iliyopo tayari kwenye udongo. Mwagilia kwa utaratibu, nyanya zinazofuata zitakuwa nzima.

Visahani vya kukingia maji vimwagwe angalau mara moja kwa wiki. Yai la mbu huwa mbu kamili ndani ya siku saba hadi kumi kukiwa na joto.

Hatua ya 9: Chakula cha mimea

Kila unapomwagilia, rutuba kidogo inashuka na maji, kwa hiyo chombo huchoka haraka kuliko shamba. Ndoo mbili zenye vifuniko na matundu pembeni zinatosha kwa mboji. Kila ukitia maganda na mabaki ya mboga mbichi, yafunike kwa vitu vikavu, kama majani makavu au karatasi ya katoni iliyochanwa, mara mbili au tatu ya kiasi hicho. Nyama, samaki, mafuta na mabaki ya mezani visiingie. Ikinuka, imelowa mno: ongeza vikavu na uigeuze. Ndoo ya kwanza ikijaa iachie miezi mitatu hadi sita huku ukijaza ya pili. Maganda ya mayai, ya ndizi na mashapo ya kahawa yote mahali pake ni humo ndani; yakiwekwa moja kwa moja juu ya udongo yanavuta inzi na kutoa kidogo sana.

Ukilazimika kununua mbolea ya maji, tumia nusu ya kipimo kilichoandikwa, kila wiki mbili. Hutaona tofauti kwenye mavuno, utaiona kwenye chupa.

Hatua ya 10: Wadudu

Lenzi ya kusomea gazeti inafaa kukagua upande wa chini wa majani. Vidukari na inzi weupe wakiwa wachache, wafute kwa kitambaa chenye unyevu. Wakizidi, changanya mililita 5 za sabuni ya maji laini kwa lita moja ya maji, jaribu kwenye jani moja, subiri siku moja, kisha pulizia jioni chini ya majani na urudie baada ya siku tano hadi saba. Mmea ulioshindikana ung'oe. Kuuhurumia ni kuwaambukiza wengine.

Siku inavyokwenda

Dakika 15 au 20 asubuhi, baada ya kifungua kinywa na dawa, zinatosha kwa vyombo vitano. Kunywa maji kabla ya kutoka. Kiu hupungua na umri, na dawa za kukojosha huongeza upungufu wa maji mwilini. Ukiwa umeinama, inuka kwa vituo: keti, hesabu pumzi chache, ndipo usimame, hasa kama unatumia dawa za shinikizo la damu. Baadhi ya dawa, kama doxycycline (ya kuua bakteria) na hydrochlorothiazide (ya kukojosha), hufanya ngozi iungue na jua haraka, basi kofia na mikono mirefu si mapambo. Viatu viwe vya kufunika, simu iwe mfukoni.

Mavuno nayo yana neno na dawa. Spinachi na mboga nyingine za kijani kibichi zina vitamini K nyingi, ambayo hupunguza nguvu ya warfarin, dawa ya kufanya damu iwe nyepesi. Hukatazwi kuzila; unatakiwa ule kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, na umwambie daktari kabla ya kuanza kuchuma bakuli zima kila siku. Wenye figo dhaifu waulize kuhusu potasiamu iliyomo kwenye nyanya na spinachi.

Halafu kuna majirani. Maji yako yakidondokea nguo za aliye chini, urafiki umeisha, kwa hiyo kila chombo cha roshani kiwe na kisahani. Gawaneni kazi ya miche: mmoja aoteshe nyanya, mwingine pilipili, mwingine rihani, kisha mbadilishane, pakiti moja ya mbegu inamzidi mtu mmoja. Na kwa kuwa nyanya iliyoiva karibu na njia ya kwenda chumba cha kulia haina mwenyewe, wekeni ndoo moja ya pamoja karibu na benchi, yeyote achume. Wizi wa nyingine hupungua.

Kila chombo kiwe na kadi: jina lako, mmea, kinavyomwagiliwa, na nani apewe kama utahamishiwa kwenye huduma kamili au hutarudi. Baadhi huona hili la mwisho ni uchuro. Mimi naona ni adabu kwa mmea na kwa mtu atakayebaki akijiuliza aung'oe au aumwagilie.

Wahudumu wema watataka kukumwagilia. Kubali siku mbaya, kataa siku nyingine. Mwaka 1976 wanasaikolojia Ellen Langer na Judith Rodin wa Marekani walichapisha utafiti wao kwenye nyumba ya wazee: ghorofa moja wakazi walihimizwa kujiamulia mambo yao na wakachagua mmea wa kuutunza wenyewe, ghorofa nyingine walipewa mmea ambao wauguzi wangeumwagilia. Wa kwanza walionekana wenye furaha na uchangamfu zaidi. Hao hawakupewa mmea tu, walipewa pia uhuru wa kuamua, kwa hiyo mhudumu akishika chupa ya maji, swali la lini na kiasi gani libaki lako.

Mwisho wa msimu: usitupe udongo

Ng'oa mimea iliyochoka, toa mizizi minene, vunja madonge, utandaze udongo juani kwenye turubai siku chache ukiwa umeulowesha kidogo, tena na barakoa usoni. Changanya sehemu tatu za udongo huo na sehemu moja ya mboji mpya. Uliobeba nyanya usirudishie nyanya, pilipili, biringanya wala viazi mviringo, maana ni ukoo mmoja na magonjwa yao ni yale yale. Upe maharage au majani. Kama nyanya ilikufa kwa ugonjwa, udongo wake upelekee maua.

Vyombo vioshe kwa sabuni, kisha kwa sehemu moja ya dawa ya klorini na sehemu tisa za maji, dakika kumi, suuza, anika. Usiichanganye klorini na dawa nyingine yoyote ya kusafishia, na uifanyie kazi nje. Panga ndoo tupu moja ndani ya nyingine, na kipande cha gazeti katikati ya kila mbili, la sivyo zitashikana na utahitaji mtu mwenye nguvu kuzitenganisha.